Re: Zamu yangu chekechea, niwafundishe au wacheze tu?

Dada pole na hiyo presha, nakuelewa kabisa. Umeuliza siku yako ya zamu hapo kwenye chekechea yenu ya wazazi uwaandikie a e i o u ubaoni au uwaache wacheze, mimi nasema wacheze, ila na wewe uwe ndani ya mchezo, sio unakaa pembeni na simu.

Weka duka. Visoda ndo hela, vifuu vya nazi ndo vipimo vya mchanga, mmoja muuzaji wengine wateja, alafu na wewe nenda kanunue, "nipe vifuu viwili, nina visoda vitano, kifuu kimoja kisoda kimoja, nabaki na vingapi?" hapo mtoto anahesabu, anaongea, anasubiri zamu yake, na wala hajui kama anafundishwa. Akikosea usimkaripie, hesabuni tena pamoja.

Na sio mambo ya kizungu haya, zile chekechea za mpango wa Madrasa (mradi wa shule za awali wa Aga Khan Foundation) zilianza Mombasa miaka ya 1980 zikaja Zanzibar na Uganda, ni za jamii wenyewe, na vifaa vingi wanatengeneza kwa vitu vya hapohapo, makombe ya baharini, mbegu, maboksi.

Kabla hawajaondoka kaa nao mkekani kila mtu aseme alicheza nini na nani, hiki kipande usikiruke jamani, lugha inakulia hapo. Penseli zisiwe za haraka, mtoto wa miaka 3 vidole bado laini, mpe udongo afinyange kwanza.