Jibu: Programu ya mkopo inawatumia ndugu zangu SMS, nikiifuta wataacha?

Pole sana ndugu yangu. Kuifuta peke yake hakutawazuia. Namba zote za watu ulizohifadhi kwenye simu zilishanakiliwa siku ile ulipobonyeza "Ruhusu", wanazo kwao. Hata hivyo ingia Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, uzime Anwani, Picha na SMS, ndipo uifute, angalau wasichote zaidi.

Lakini anza na ushahidi. Mwombe mama mkwe na bosi wako wapige picha ya skrini ya zile SMS za matusi, namba ya mtumaji na saa vionekane. Wasizifute kwa hasira. Hapa Tanzania, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya mwaka 2022. Angalia pia kama programu hiyo imo kati ya zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kuwa hazina leseni.

Deni ni lako na wao, mama mkwe hakumdhamini mtu! Inaniuma kuona mtu anadhalilishwa mbele ya wakwe kwa sababu ya elfu hamsini. Na tafadhali, usikope programu nyingine ili kulipa hii.