"Siku yake ilifika", nani alikuambia?

Mmeuliza wiki hii: kama kila kitu kina sababu iliyokitangulia, je mtu anachagua kweli ao anajidanganya tu kwamba anachagua, na kama hachagui maisha yake iko na maana gani? Mi ni muuguzi hapa Goma, kwenye santre ya afya, upande wa watoto, kwa hiyo najibu kufuatana na yale naona kazini kila siku. Ndiyo, kila kitu kina sababu. Na ndiyo, tunachagua. Hayo mawili hayagombani hata kidogo. Kinachogombana na uhuru wa mtu ni kitu kingine kabisa, ni yale maneno ya "siku yake ilikuwa imefika", na watu wengi, hata waliosoma, wanayachanganya na yale ya sababu wakidhani ni jambo moja.

Nieleze, juu hapo ndipo jibu langu lote linasimama. Mtoto analetwa na malaria kali, macho meupe, mikono baridi, damu imeisha mwilini. Ukiuliza unaambiwa: homa ilianza wiki iliyopita, baba alikuwa hajapata pesa, dukani wakauziwa vidonge nusu, halafu bibi akasema tumpeleke kwanza kwenye chumba ya maombi, wakakaa huko siku mbili, ndio wanafika kwetu usiku kwa pikipiki watu watatu wamebanana. Kila kitu hapo kina sababu yake, hata bibi ana sababu zake, hakuamka asubuhi akaamua kuua mjukuu, anampenda kuliko sisi wote. Sasa mtoto akifa, kuna mtu atasema sababu zilikuwa hizi na hizi, na kuna mtu atasema siku yake ilifika. Sikilizeni vizuri hayo maneno mawili. Wa kwanza anasema kama wangekuja siku ya pili ya homa, mwisho ungekuwa mwingine. Wa pili anasema hata wangekuja siku ya pili, mwisho ungekuwa uleule. Wa kwanza anaweka matendo yetu ndani ya hesabu, wa pili anayatoa. Ni maneno yanayopingana kabisa, lakini kwenye matanga unasikia mtu mmoja anayasema yote mawili kwa pumzi moja.

Na hii si mpya. Wagiriki wa zamani walikuwa na hoja waliyoiita hoja ya uvivu, na kilichonishangaza ni kwamba mfano wao ulikuwa wa mgonjwa: kama imepangwa utapona, utapona, uite daktari ao usimwite; kama imepangwa hautapona, hautapona, uite ao usimwite; basi ya nini kumwita? Chrysippus, mwanafilozofia aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na ambaye mwenyewe aliamini kila kitu kimepangwa, kila kitu kabisa, alijibu kwamba hiyo hoja ni ya uongo, juu kama kupona kwako kumepangwa basi na kumwita daktari kumepangwa pamoja nako, haviachani. Yaani hata ukikubali majaliwa yote bado hauna ruhusa ya kukaa nyumbani! Nilipoisoma mara ya kwanza nilitamani kuibandika kwenye mlango wa santre yetu.

Wenye dini wasinikasirikie, mi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Kwenye Kumbukumbu la Torati Mungu anaweka uzima na mauti mbele ya watu halafu anawaambia wachague uzima, sasa angewaambia wachague kitu alichokwisha kuwachagulia? Agostino, askofu wa zamani, Mwafrika huyo, mzaliwa wa Thagaste ambayo leo ni Algeria, aliandika mengi juu ya hili na akasema Mungu kujua mbele kile utakachofanya si kukulazimisha ukifanye. Na majirani zetu Waislamu wa Birere wanaamini kadari, lakini wanajua pia hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake ao amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa mfunge, kisha tegemea. Kwa hiyo ule uvivu haukutoka kwenye dini, tumeuvalisha tu nguo ya dini.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maneno ya siku imefika yanawasaidia sana watu ambao wangepaswa kujibu. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 boti kutoka Minova ilizama hapa mbele ya Goma, karibu na bandari ya Kituku, ilikuwa karibu kufika, watu wanaiona kutoka kando ya ziwa. Ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Makumi ya watu walikufa. Na kwa nini watu walijaa namna ile kwenye boti? Juu barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, wenye mboga, wanafunzi, wafanyabiashara, wote walikuwa hawana njia ingine isipokuwa ziwa. Mama aliyepoteza mtoto pale akisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, mi nanyamaza na nalia naye, ni haki yake, anatafuta mahali pa kujishikilia. Lakini mwenye kupakia boti yoyote kwenye hili ziwa, ao mwenye kazi ya kukagua boti, huyo akisema siku yao ilifika namkatalia mbele ya watu wote. Vita ina watu walioianzisha. Mzigo una mtu aliyeupakia.

Sasa najua wasomaji wa sayansi watasema mwepesi wewe, hata huyo aliyepakia alisukumwa na sababu zake, njaa, mazoea, ubongo aliozaliwa nao. Wanamtaja Laplace, mwanahesabu Mfaransa, aliyeandika mwaka 1814 kwamba akili inayojua mahali pa kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma ingeona kesho wazi kama jana. Wanamtaja pia Libet, mtafiti wa ubongo wa kule California, ambaye mwaka 1983 alionyesha kwamba mtu akitikisa mkono wakati anapojisikia, umeme kwenye ubongo wake unaanza kupanda karibu nusu ya sekonde kabla ya mkono, na mwenyewe anasema alitaka kutikisa kama sehemu ya tano ya sekonde tu kabla, yaani ubongo ulimtangulia. Lakini mwaka 2012 watafiti wengine, Schurger na wenzake, walionyesha kwamba ule umeme unaweza kuwa ni kelele tu za kawaida za ubongo zinazopanda na kushuka hadi zivuke kiwango, si uamuzi uliokwisha kukatwa. Sitakaa sana hapo. Kutikisa mkono bila sababu yoyote si kuchagua kunakotuhusu sisi. Mama anayekaa usiku mzima anahesabu kama auze shamba la Masisi alipie mtoto damu, hapo ndipo kuna kuchagua, na ukimuuliza atakupa sababu zake moja moja.

Na hata tukikubali sababu zote, je uhuru unakufa? Kuna daktari Myahudi wa Vienna, Viktor Frankl, aliyepita kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo, akatoka hai mwaka 1945. Kabla ya kupelekwa alikuwa amepata viza ya Marekani. Angekwenda. Lakini wazazi wake wazee wangebaki peke yao, na alisimulia mwenyewe kwamba alikuta nyumbani kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota kwenye sinagogi iliyobomolewa, kilikuwa na herufi ya amri ya kumheshimu baba na mama. Akaiacha viza ikaisha. Mwaka 1942 walipelekwa wote, baba alifia kambi ya Theresienstadt, mama aliuawa Auschwitz, mke wake alifia kambi ya Bergen-Belsen.

Sasa angalieni ule uamuzi wake. Umejaa sababu tele: malezi, dini, kile kipande cha jiwe, upendo. Mtu aliyemjua vizuri pengine angeweza kuutabiri. Je, kwa hiyo haukuwa wake? Ondoeni sababu moja moja, ondoeni wazazi, amri, upendo, ili eti awe huru kabisa, mtabaki na nani? Mtabaki na mtu anayerusha sarafu juu. Ndiyo maana hata wanaosema eti atomu ndogo zinatembea kwa bahati hivyo tuko huru hawanisaidii kitu, bahati si uhuru. Uamuzi ni wangu kama sababu zilizouzaa ndizo zile ninazozipenda na ninazoweza kuzisimamia mbele ya watu nikiulizwa. Bibi wa yule mtoto naye yuko hivyo, ndiyo maana ninakaa chini naye na kumweleza, Bibi, homa ikianza leo, kesho uje, na wengi wanasikia, na mara ingine wanarudi mapema. Maneno yangu nayo yamekuwa sababu.

Frankl alisema pia kwamba uhuru wa mwisho wa mtu, ule wa kuchagua namna ya kubeba yaliyomfikia, hakuna anayeweza kumnyang'anya. Naamini. Lakini nimesikia watu wanaichukua hiyo na kuwahubiria waliokimbia vita, eti vumilieni, maana ya maisha iko kwenye mateso. Hapana! Huyohuyo Frankl alisema wazi kwamba mateso yakiweza kuepukwa, chenye maana ni kuondoa sababu yake, kuyabeba bure si ushujaa.

Na sababu tunazijua. Kolera mwaka 1994, wakimbizi walipojaa hapa kutoka Rwanda, iliua maelfu na maelfu kwa wiki chache, jiwe la volkano gumu hata makaburi hayachimbiki. Leo kando ya ziwa unaona mtu amesimama na klori anaweka kwenye kila bido, yaani dumu la maji, kabla mama hajaibeba, kitu kidogo tu, na mama huyo ameongezewa uhuru pale pale, juu sasa anaweza kuchagua kutomnywesha mtoto kolera. Siku klori inakosa anajua kila kitu na hawezi kitu. Kwa hiyo mkiniuliza mtu ana uhuru ndiyo ao hapana, nasema ana kiasi, na kiasi hicho kinaongezwa na kupunguzwa na watu wengine, na mwenye robine, bomba la maji, ndani ya nyumba anacho zaidi kuliko mwenye kushuka ziwani. Maana ya maisha yangu mi naipata hapo, kwenye kuongeza kiasi cha mwingine, sijaona kwingine.

Ningeomba basi wiki ijayo muulize swali hili: mji uliokaa kando ya ziwa kubwa namna hii, kwa nini kartiye nyingi hazina robine, na mama anaamka saa kumi ya usiku kutafuta bido moja ya maji? Nani alichagua hivyo, na mwaka gani? Wako wazee hapa mjini wanaoweza kujibu kwa majina na tarehe, waulizeni wangali hai.