Mwewe waliojazana shambani Saskatchewan, Kanada: wanajiandaa kwa safari

Dada, hao mwewe uliowaona kwa makumi wametua kwenye shamba lililovunwa hawaumwi, wala hawafuati mzoga. Agosti ikielekea ukingoni, karibu kila mara ni mwewe wa Swainson, na wanakula panzi. Wakati wa kulea makinda huwinda panya na wanyama wengine wadogo, lakini msimu huo ukiisha hugeukia wadudu, na trekta linapopita panzi hurukaruka ovyo. Ndiyo maana wanalifuata. Asubuhi hukaa chini wakisubiri ardhi ipate joto. Hewa ya moto ikianza kupanda, huzunguka nayo hadi juu kabisa bila kupiga mbawa sana, kisha huteleza kuelekea kusini.

Wanakwenda Argentina, safari ya takriban kilomita 10,000! Huko nako hutegemea panzi, na hilo liliwaponza: katikati ya miaka ya 1990 maelfu walikufa kwa monokrotofosi, sumu ya kuua wadudu iliyopulizwa mashambani dhidi ya panzi hao. Inaniuma hadi leo.

Ukitaka kuwapiga picha, baki ndani ya gari. Usiwakurupushe, wanahitaji kunenepa.