Ukitaka Kufanya Biashara Afrika Kusini, Anza na B-BBEE

B-BBEE ni mpango wa Afrika Kusini wa kuwawezesha watu weusi kiuchumi: kampuni hupewa alama kwa mambo kama umiliki, mafunzo na ununuzi, kisha hupangwa kwa ngazi, ya 1 ikiwa ya juu kabisa na ya 8 ya chini. Ndugu zetu wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi kuja Johannesburg kutafuta biashara huniuliza swali lile lile: "Mimi ni Mwafrika mweusi, si nitapata alama za umiliki moja kwa moja?" Hapana, hutapata. Sheria ya B-BBEE ya mwaka 2003 inawalenga raia wa Afrika Kusini: Waafrika, watu wa asili mchanganyiko na Wahindi walio raia kwa kuzaliwa au kwa asili, au waliopata uraia kabla ya tarehe 27 Aprili 1994. Wengine huudhika wakisikia hivyo. Mimi naona ni haki. Ubaguzi wa rangi uliwanyima watu hawa ardhi, elimu na mitaji ndani ya nchi yao wenyewe, na sisi wageni hatukunyang'anywa hapa.

Hata hivyo, usikate tamaa. Kwa kanuni za jumla, kampuni ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi randi milioni 10 huwekwa ngazi ya 4 hata kama wenye hisa wote ni wageni. Huhitaji mkaguzi. Unajaza hati ya kiapo, unaapa mbele ya kamishna wa viapo (kituo cha polisi kinatosha), basi. Wateja wengi wanaikubali ngazi ya 4, kwa sababu kila randi wanayokulipa huhesabiwa kwa asilimia 100 kwenye alama zao wenyewe za ununuzi. Ngazi ya 1 huhesabiwa asilimia 135, ngazi ya 8 asilimia 10 tu. Ila ukiwa kwenye ujenzi au utalii, soma kanuni za sekta yako kwanza.

Vishawishi huanza pale mtu anapotaka kupanda ngazi haraka. Kazi yangu ni uhasibu, na maombi ya wazabuni hupita mezani kwangu. Siku moja nilimuuliza mama mmoja, aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa na asilimia 51, akaunti ya kampuni yake iko benki gani. Akamtazama mkurugenzi aliyekaa pembeni yake. Nikauliza gawio la mwisho alilipata lini. Kimya. Baadaye tukajua kwamba mama yule ndiye anayefanya usafi kwenye ofisi ile, na kikao cha bodi hajawahi kukiona. Iliniuma sana. Jina lake lilikuwa linaingiza mamilioni, naye anaondoka na mshahara ule ule wa mfagizi.

Tangu sheria irekebishwe mwaka 2013, kumtumia mtu kama mwanahisa kivuli, yaani mwenye hisa kwa jina tu, ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa faini hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Kesi ya kampuni ya Swifambo inafaa kukumbukwa. Mwaka 2017 mahakama ilifuta mkataba wake wa kuuza vichwa vya treni wa randi bilioni 3.5, na mojawapo ya sababu ni kwamba Swifambo ilikuwa kivuli cha kampuni ya Kihispania.

Kwa hiyo ukitafuta mbia, tafuta anayeijua kazi yenyewe. Mkataba wa wanahisa useme wazi nani ana kura, nani anasaini benki, gawio linatoka lini. Kama hisa zake amezipata kwa mkopo wako, andikeni utalipwaje, maana mkaguzi atapima thamani iliyobaki mkononi mwake baada ya kutoa deni.

Na nyaraka, tafadhali, zikusanywe kila mwezi: mahudhurio ya mafunzo, nakala za vitambulisho, ankara, vyeti vya wazabuni wako. Cheti hudumu miezi 12 tu. Kampuni iliyokua hadi kuhitaji mkaguzi imtafute aliyeidhinishwa na SANAS, taasisi ya taifa ya ithibati, mapema, cheti cha zamani kikiwa bado hai. Wazabuni wadogo nao walipeni mapema. Kuna alama zake, na fedha hiyo ndiyo mtaji wao wa wiki inayofuata.