Vibanda vya wageni Kisauni, makuti ama mabati?
Kaka, vibanda vyako hivyo vya wageni ezeka makuti bila kufikiria mara mbili, mabati mchana wageni wataiva humo ndani. Ila mteremko uwe mkali, manake makuti yakilala maji yanatuama yanaoza upesi. Madirisha yatazame kusi na kaskazi upepo upite, esi, yaani kiyoyozi, utaisahau. Nguzo tumia mvinje zilopigwa dawa ya mchwa, boriti za mikoko bila kibali ni kujitafutia kesi na watu wa misitu. Lakini mimi linalonisumbua ni choo, wala hukukiuliza: huko chini ni mwamba wa matumbawe una matundu kibao, ukichimba shimo uchafu wote unashuka mpaka kisimani, afadhali choo kikavu cha pipa na vumbi la mbao.