Kadi ya sigara usiiloweke

Kadi yangu ya kwanza niliiharibu kwa mikono yangu. Ilikuwa picha ya mwigizaji wa jukwaani kutoka pakiti ya Sweet Caporal, sigara za Kinney Brothers wa New York. Nilikuta imebandikwa kwenye albamu kuukuu niliyonunua gulioni hapa Uingereza. Niliambiwa gundi ya kale hulegea kwenye maji ya uvuguvugu, nami nikaamini. Dakika chache tu, uso wa yule bibi ukabanduka, ukaelea sahanini na kujikunja kama ganda la kitunguu. Iliniuma sana.

Sikujua kwamba nyingi za kadi zile si za kuchapwa. Ni picha za kamera, zilizosafishwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, kisha zikagandishwa juu ya kadi ngumu. Kwa hiyo ukikuta albamu, iache ilivyo. Nunua ukurasa mzima.

Kadi zenyewe zilitiwa ndani ya pakiti za sigara ili pakiti laini isibonyee, na ili mvutaji arudi kutafuta sura nyingine. Fikiria miaka ya 1880: sinema hakuna, na mtu wa kijijini hajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Lakini mtu huyo anamjua kwa sura Lillian Russell, nyota wa jukwaa wa Marekani, yumo mfukoni mwake! Hapo ndipo ninapoupendea mkusanyo huu.

Usiende kununua bila kioo cha kukuzia. Picha halisi ya kamera, hata uikuze vipi, kivuli chake kinateleza bila kukatika, na mara nyingi imegeuka rangi ya chai. Ukiona vinukta vimejipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala ya juzi. Zile za rangi za kampuni ya sigara ya Allen & Ginter, kama "World's Beauties" ya 1888, zina vinukta pia, ila vimetawanyika ovyo, maana vilitiwa kwa mkono juu ya jiwe la kuchapia.

Muuzaji akikutajia N245 au N26, usibabaike. Ni namba za orodha ya kadi aliyoitunga Jefferson Burdick, mkusanyaji wa Syracuse, Marekani. N ni kadi za sigara za karne ya 19, T ni za karne ya 20. Bwana huyu aliipa Metropolitan Museum, jumba la makumbusho la New York, vipande zaidi ya 300,000, akavibandika mwenyewe kwenye albamu huku baridi yabisi ikimtesa vidole, akamaliza Januari 1963. Miezi miwili baadaye akafariki. Kadi zake nyingi zimo kwenye tovuti ya jumba hilo, bure. Mimi hufungua simu pale pale mezani kwa muuzaji, nikalinganisha kabla ya kutoa pesa.