Kabla hujauza pikipiki

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kocha, nimepata timu ya baiskeli Ulaya, wanataka nifike Februari. Niuze pikipiki ninunue tiketi?" Akamalizia kwa kunikumbusha kwamba Chris Froome, bingwa wa Tour de France, naye alianzia hapa hapa Kikuyu, kwa kocha David Kinjah. Asante. Nilikuwa sijasikia.

Kijana wangu, mimi niliuza ng'ombe. Tena wa mama.

Kambini huko Ulaya niliulizwa kilo zangu kabla ya jina. Kufika wiki ya pili nikapewa kazi: maji. Watazamaji humwona anayevuka mstari mikono juu. Hawamwoni aliyerudi nyuma ya kundi zima hadi kwenye gari la timu, akashindilia chupa saba: mifukoni mgongoni, kifuani ndani ya jezi, nyingine nyuma ya shingo. Chupa imetoka kwenye barafu. Ikigusa ngozi, pumzi inakukatika. Jezi inaning'inia kama gunia la viazi, na kundi liko mita mia tatu mbele, halina habari nawe. Unalifukuza. Unalifikia, unagawa, unabakiwa na moja, halafu kapteni anaiomba hiyo nayo, anajimwagia kichwani.

Nilifanya hivyo misimu miwili, na nilikuwa hodari, niseme tu ukweli. Siku yangu hakuna aliyekaukiwa.

Mshahara ulikuja miezi mitatu. Wa nne ukawa wa "wiki ijayo", na hiyo wiki sijaiona mpaka leo. Nilirudi nyumbani na fremu bila magurudumu, kwa kuwa magurudumu, waliniambia, ni mali ya timu. Jina la timu silitaji, ilishakufa. Mama hakuuliza habari za ng'ombe. Afadhali angeuliza.

Kwa hiyo jambo la kwanza: uliza timu iko daraja gani. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, limeweka kima cha chini cha mshahara kwa timu za wanaume za madaraja mawili ya juu. Daraja la tatu, linaloitwa Continental, halina kima hicho. Huko unaweza kuvaa jezi nzuri, ukapigwa picha, ukalala njaa. Mkataba usome. Usipoijua lugha yake, tafuta wa kukusomea. Halafu usome tena.

Jambo la pili ni kula. Unacheka? Mwaka mmoja kwenye Tour du Rwanda tulivuka daraja la mto Nyabarongo tukaanza kupanda mlima wa Shyorongi, watu wamejaa pande zote, watoto wanapiga kelele, nami nikajiona mfalme. Saa nzima sikutia kitu mdomoni. Ghafla miguu ikakataa. Mama mmoja alikuwa kando ya barabara na karai la ndizi kichwani. Akanitazama, nami nikazitazama ndizi. Musanze nilifika nje ya muda uliowekwa, jina langu likakatwa. Kula kabla ya njaa. Kunywa kabla ya kiu.

La tatu ni lile lile la maji. Nyinyi vijana wa siku hizi mnajirekodi mkipanda kilima peke yenu, mnahesabu wati za nguvu ya miguu, lakini kukaa ndani ya kundi bega kwa bega hamjui, na kumtumikia mwenzenu mnaona aibu. Huyo Froome wako, mwaka 2012 alikuwa anapanda milima vizuri kuliko Bradley Wiggins, kiongozi wake. Akaambiwa amsubiri. Akasubiri, akamaliza Tour de France wa pili. Taji lake la kwanza la Tour likaja 2013. Na Kigali, Septemba 2025, mbio za ubingwa wa dunia za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 na waliomaliza ni 30 tu. Unadhani wote walioshuka baiskeli walikuwa dhaifu? Baadhi yao kazi ilikuwa imekwisha, basi. Walishamvuta mwenzao hadi walipoagizwa.

Pikipiki usiuze kwanza. Nitumie picha za mkataba, kurasa zote, si ule wenye nembo peke yake. Na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Rironi. Tutateremka barabara ya Mai Mahiu hadi kanisa dogo la Waitaliano, tugeuze, tupande na malori. Vaa jezi yenye mifuko mitatu. Chupa nitakuja nazo mimi, zikiwa na barafu.